Majirani Bwiru: kinda chini ya mpera

[16:41] Mama Neema: Majirani, kuna kinda chini ya mpera wa Baba Kulwa na watoto wamemzunguka. Kila mwenye mtoto pale amwite nyumbani SASA. Baba Kulwa piga picha, nataka kuona mbawa na mkia.

[16:49] Baba Kulwa: 📷 Picha

[16:50] Mama Neema: Manyoya mwili mzima, mkia mfupi, anarukaruka. Huyo hajaanguka, ametoka kiotani mwenyewe. Ni shore, wale wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Hutoka na wiki mbili hivi, kuruka bado. Wazazi wanamlisha hapohapo chini. Msimwokote.

[16:52] Kelvin: Supu ya kijiko kimoja 😂

[16:52] Juma Boda: Pilipili ninayo 😂😂

[16:54] Mama Neema: Tulieni. Hoja ni paka. Mama Doreen, mfungie ndani siku tatu nne, mpaka kinda aweze kuruka.

[16:58] Mama Doreen: Kila kitu paka wangu. Mlipokata mwembe nani aliulizwa?

[16:59] Mama Neema: Mwembe tuliumaliza kwenye kikao.

[17:00] Mama Doreen: Mliumaliza nyie.

[17:03] Baba Kulwa: Watoto wanataka kumpa maziwa kwa sirinji

[17:04] Mama Neema: WASITHUBUTU. Tundu la hewa la ndege liko nyuma tu ya ulimi, ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia mapafuni. Na maziwa hawezi kuyameng'enya, ataharisha. Mkate na ugali hapana pia. Maji anayapata kwenye wadudu na matunda anayoletewa.

[17:06] Kelvin: Si akishaguswa mama yake anamkataa?

[17:07] Mama Neema: Hapana, hawamtambui mtoto kwa harufu. Kinachowazuia kushuka ni nyie mliosimama pale. Sogeeni mbali, mchungulie dirishani.

[17:12] Baba Kulwa: Yuko mwingine kwenye jiwe. Uchi kabisa, macho yamefumba

[17:13] Mama Neema: Basi si ndugu wa yule, umri hauendani. Kuna kiota kingine juu, upepo wa ziwani umemwangusha. HUYU ndiye wa kuokota. Mpashe joto viganjani kwanza, kinda akipoa hapanui mdomo, hata mzazi akija hatamlisha. Kisha arudi kiotani.

[17:15] Mama Neema: Kiota kikiwa kimebomoka, tafuta kikapu kidogo kisichozidi kina cha vidole vinne. Toboa chini mvua isituame, weka majani makavu, funga kwa waya palepale kwenye kivuli. Pamba usiweke, nyuzi zinanasa kucha.

[17:31] Dokta Rehema: Ndio natoka kazini. Paka akimng'ata, hata tundu moja la jino, mleteni kwangu haraka, bakteria wa mate ya paka wanaua ndani ya siku moja mbili. Wenye kuku, osheni mikono kwa sabuni kabla ya kuingia bandani. Mwaka 2017 mafua ya ndege yaliua ndege pori upande wa Uganda, ziwa hilihili.

[17:38] Mzee Masalu: Nimesoma yote. Paka afungwe. Na mpera usipunguzwe hata tawi mpaka viota viwe vitupu. Ule mwembe uliangushwa na makinda ndani. Nilisema siku ile, mkanyamaza.

[17:52] Mama Doreen: Shikamoo Mzee. Leo usiku nitamfunga. Ya kesho tutaona.

[17:53] Mama Neema: Kesho alfajiri ndipo wanaanza kulisha, Mama Doreen.

[17:58] Mama Neema: Mama Doreen?

[18:04] Baba Kulwa: Kiota kipo kizima, ila sikifikii. Kinda nimemweka kwenye boksi na chupa ya maji ya moto niliyoifunga kitambaa

[18:05] Mama Neema: Vizuri, chupa isimguse. Nani ana ngazi?

[18:09] Juma Boda: Iko kwa Kelvin tangu harusi ile

[18:20] Mama Asha: Ndio naingia. Mchango wa taa ni lini?

[18:21] Mama Neema: Soma juu Mama Asha. Kelvin, ngazi, giza linaingia.

[18:33] Kelvin: Ipo. Ila vipago viwili vimevunjika