Wanyama tuliokua nao wameenda wapi? Wa Mbeya, Iringa na Njombe tupeane uzoefu

Mnyalu_OG: Wakuu nimetoka msibani kijijini Mufindi, nikapita kile kijito tulichokuwa tunakamata kaa chini ya mawe, aisee hata tope hamna. Bonde lote milingoti (mikaratusi). Zamani pale vinyungu tupu, yaani bustani za bondeni, jioni vyura wanapiga kelele mpaka redio husikii. Kwenu vipi?

Ndaga_fijo: Rungwe tuna kipunji, aina ya nyani, wanasayansi wakamtangaza 2005 eti mpya, babu alishamfukuza sana kwenye mahindi 😂 Sasa msitu unaliwa na mkaa na magogo, wa kumfukuza yuko wapi.

Dada_Makete: Chikanda jamani, kile chakula cha viazi vya okidi. Ukichimba kiazi, okidi ndo imekufa hiyo, na magunia yanavuka Tunduma kwenda Zambia.

Kijana_wa_Usangu: Acheni maua. Mwaka mmoja kiangazi mto Ruaha ukabaki dimbwi moja, viboko wamebanana humo migongo imepasuka kwa jua, harufu yake usiombe. Usiku wanatafuta majani mashambani kwetu. Mimi na bro tuko kwenye dungu tunalinda mpunga, nasikia chwa, chwa kwenye majaruba, nikajua ng'ombe wa watu hao, nikashuka na tochi ya simu namwaga matusi, kumulika hivi naona mdomo! Nilikimbia ndala zikabaki. Jamaa akapiga dungu kikumbo likalala na bro yuko juu yake, mkono ukavunjika, mpaka leo ndoo habebi.

Ndaga_fijo: Matusi kwa kiboko 😂😂 pole lakini

Mchungaji_si_wa_kanisa: Nyie wa mpunga ndo mnamaliza maji, mifereji wazi kiangazi chote halafu mnalia na kiboko.

Kijana_wa_Usangu: Na ng'ombe wenu kwenye ardhi oevu ya Ihefu walikuwa wanaoga tu?

Mchungaji_si_wa_kanisa: Tuliondolewa 2006 na 2007, mto ukapona? Ruaha unakauka tangu 1993, hesabu mwenyewe.

Dada_Makete: Na ubwabwa wote mnakula.

Mzee_Kilolo: Vijana, zungushieni shamba kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili.

Mnyalu_OG: Mzee hiyo ya tembo. Nasikia mizinga ya nyuki pia.

Mzee_Kilolo: Basi pigeni madebe.

Kijana_wa_Usangu: Madebe anacheza. Cha msingi usikae kati yake na maji.

Ndaga_fijo: Mnyalu, vyura wako wamefuata wa maporomoko ya Kihansi. Bwawa lilipojengwa wale walipandishwa ndege Marekani, wakarudishwa 2012, wewe hata pasipoti huna.

Mnyalu_OG: Huyo bro wa dungu bado analima? Nataka gunia mbili.