Naomba ushauri: kuwapeleka watoto wanne Ruaha kwa gharama nafuu

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi hapa Iringa mjini. Tuna Hifadhi ya Ruaha, kama kilomita 130 tu kutoka mjini, lakini wanangu hawajawahi kumwona tembo kwa macho. Wa mwisho juzi alinichorea tembo kwenye daftari, mkonga ukatokea mgongoni. Iliniuma, maana watoto wa Ulaya wanapanda ndege kuja kuwaona tembo wetu.

Kiingilio si tatizo kubwa. Sisi Watanzania tunalipa kwa shilingi, watoto wanalipa pungufu, na walio chini ya miaka mitano wanaingia bure. Kinachoniumiza kichwa ni gari. Mle ndani huwezi kutembea kwa miguu kiholela, na kukodi gari la kuhimili barabara ile kwa siku nzima kunameza kibubu changu chote cha tangu Januari. Nililipa kianzio kwa dereva mmoja mwaka jana, siku ya safari simu yake ikawa haipatikani.

Nawaza twende kwa basi hadi Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kuelekea hifadhini, tulale, kisha tuchangie gari na familia nyingine. Nataka iwe kiangazi, likizo ya Juni, wanyama wanapoanza kusogea mtoni.

Waliowahi kufanya hivyo, gari mlilipata wapi kule? Na kuna familia ya hapa mjini iliyo tayari tuchangie?