Tupeane uzoefu: Ulipoanza kudizaini, ilhamu ya kazi zako uliitoa wapi?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Najifunza kudizaini mabango, nembo na vipeperushi. Programu nimeshazizoea kiasi: kukata picha, kupanga leya, kuchagua fonti. Kazi inakuwa ngumu mteja akisema "nifanyie kitu kizuri" halafu basi. Naingia Pinterest na Behance, natazama picha hadi macho yanachoka, na nikianza kuchora, kila ninachotoa kinafanana na picha ya mwisho niliyoiona. Orodha ya tovuti ninayo, siombi nyingine. Naomba mtu aeleze yeye mwenyewe alitokaje hapo: anatazama nini, anakitazamaje, na kile alichokiona kinaingiaje kwenye kazi.

Dizaina wa Vifungashio

Mimi nilifunguliwa macho na boksi la dawa. Nilikuwa natafuta maelezo ya kipimo, nikajikuta nafuatilia jinsi jicho linavyoongozwa. Jina la dawa lilikuwa kubwa, herufi nene zisizo na mapambo. Chini yake miligramu, na namba imewekwa ndani ya ukanda wa rangi. Nikalitafuta boksi la dawa ileile yenye nguvu tofauti: kila kitu kilekile, ila ukanda umebadilika rangi. Kumbe rangi pale inafanya kazi, inamzuia anayetoa dawa asichanganye. Mistari yote ilianzia sehemu moja upande wa kushoto, na sehemu kubwa ya boksi ilikuwa tupu.

Nikachukua kalamu na rula nikachora visanduku tu, bila neno hata moja: jina hapa, ukanda hapa, nafasi tupu hapa. Baadaye nikapewa bango la ratiba ya semina, kumbi kadhaa, mada nyingi. Nikautumia mpango uleule. Mada kwa herufi kubwa, saa ndani ya ukanda, kila ukumbi na rangi yake. Aliyelitazama hakuwaza dawa kabisa, alijua tu aende wapi saa ngapi.

Kwa hiyo mkuu, usikitazame kitu kwa sababu ni kizuri. Tafuta kimetatua tatizo gani. Tiketi, kitabu cha maelekezo ya mashine, ramani ya hospitali, vyote hivyo kuna mtu aliumiza kichwa kuvipanga.

Jicho la Rangi

Naongezea kwenye rangi, maana hapo ndipo wengi wanaoanza wanakwama. Mtu anachukua picha nzuri, anachomoa rangi tano, anazigawa sawasawa kwenye bango, halafu anashangaa mbona kazi inapiga kelele. Picha ile ilikuwa nzuri kwa sababu ya mgao.

Mtazame kasuku wa kijivu. Karibu mwili mzima ni kijivu, hapa kimekolea, pale kimefifia. Wekundu uko mkiani tu, lakini ndio unaouona kwanza. Niliwahi kuubeba mgao huo kama ulivyo kwenye tangazo: kijivu kila mahali, wekundu kwenye tarehe peke yake. Siku hizi nikipenda rangi za picha nachora mstari mrefu, naukata vipande kulingana na kila rangi ilivyojaa. Huo mstari ndio ninaouhifadhi.

Mpanga Kurasa

Mimi natofautiana kidogo na wanaozilaumu Pinterest na Behance. Kinachotuumiza ni kuhifadhi bila kufikiri. Sheria yangu: picha haiingii kwenye folda mpaka niiandikie sentensi moja inayosema nimependa nini. "Nzuri sana" haihesabiki. Iwe kama hivi: "Kichwa cha habari kimekatwa na ukingo wa karatasi lakini bado kinasomeka." Sentensi ikishindikana, picha naiacha ipite.

Na folda sizipangi kwa aina ya kazi, yaani nembo huku, mabango kule. Nazipanga kwa matatizo. Ninayo ya "maneno mengi, nafasi ndogo", ya "picha ya mteja ina giza", ya "rangi mbili tu", ya "jina refu la kampuni". Mteja akija na jina la maneno sita najua nifungue ipi. Nikishaona wenzangu walivyopenya, nafunga kila kitu na kuanza kwenye karatasi. Skrini yenye kazi ya mtu mwingine haibaki wazi wakati nachora. Hilo silegezi.

Mpenda Makumbusho

Mleta mada, ukichoka na kazi za leo zinazofanana, rudi nyuma. Jumba la makumbusho la The Met la New York liliruhusu mwaka 2017 picha zaidi ya 375,000 za kazi zake zitumike bure na mtu yeyote, hata kwa biashara. Makumbusho ya Smithsonian ya Marekani wakafuata mwaka 2020. Rijksmuseum ya Amsterdam nao wana hazina kubwa. Huko kuna vitambaa, ramani, michoro ya mimea, herufi za kale, mabango. Cha kuangalia ni alama inayoonyesha kama picha husika iko huru, kwa sababu siyo zote.

Zoezi lililonijenga ni kuweka kazi mbili kando kwa kando. Chukua picha za Kijapani za kuchapwa kwa mbao za karne ya 19, ziweke karibu na mabango ya mchoraji Toulouse-Lautrec ya Paris ya miaka ya 1890. Utaona rangi bapa zisizo na vivuli, mistari minene ya mzunguko, na watu waliokatwa na ukingo wa picha. Mchoraji huyo alijifunza kwa Wajapani, na bado huwezi kuchanganya bango lake na kazi ya Kijapani. Zoezi hilo lilinifundisha kutazama kuliko somo lolote la programu.

Mwalimu wa Michoro

Mchango wangu ni mfupi. Ulikuwa unafanya nini kabla ya dizaini? Harry Beck alikuwa akichora michoro ya umeme kwa ajili ya treni za chini ya ardhi za London. Mwaka 1931 aliichora upya ramani ya treni hizo: akaachana na umbali halisi, akanyoosha njia zote ziwe wima, mlalo au mshazari wa nyuzi 45. Abiria aliye chini ya ardhi anataka kujua abadilishe treni kituo gani, hana haja na kona za njia. Ilichapishwa 1933, na ramani nyingi za treni duniani bado zinafuata njia yake.

Kama umewahi kufanya uhasibu, unajua jedwali linavyosomwa. Kama umeshona nguo, unajua kipande kinavyokatwa. Hicho ndicho ambacho dizaina mwingine hana, kitumie.

Mleta mada

Nawashukuru sana wakuu, nimeanza na folda za matatizo na tayari naona tofauti. Nina swali moja linalonisumbua. Mstari kati ya kuchukua ilhamu na kuiba kazi ya mtu uko wapi? Kuna bango nimelipenda mpangilio wake na nataka kuutumia kwa mteja.

Mpanga Kurasa

Kunakili kwa mazoezi fanya bila woga, pikseli kwa pikseli, mkono unajifunza mengi. Nakala hiyo ibaki kwako, haiendi kwa mteja wala kwenye kazi unazoonyesha watu.

Kwa kazi ya mteja, chanzo kimoja ni hatari. Tafuta vyanzo viwili vilivyo mbali. Nembo ya Olimpiki ya Mexico 1968 iliyochorwa na Lance Wyman ilianzia kwenye duara tano za Olimpiki zilizozaa namba 68, kisha mistari sambamba ikazizunguka na kuendelea mpaka kwenye herufi za jina la nchi. Ndani yake kuna sanaa ya Wahuichol wa Mexico, na kuna sanaa ya kuchezea macho iliyovuma miaka ile. Kimoja tu kati ya hivyo kisingetoa nembo ile.

Ukimaliza, weka kazi yako na lile bango kando kwa kando, vipunguze vyote hadi ukubwa wa stempu. Vikionekana ndugu, badilisha mpangilio kabla mteja hajaona. Kisha ulete hapa pamoja na vyanzo vyako, tukusaidie kuangalia.