"Equipment" au "equipments"? Naombeni jibu kabla ya kesho

Mleta uzi: Wakuu, shikamooni. Kati ya hayo mawili lipi sahihi? Nahitaji kujua usiku huu.

Kamusi Hai: "Equipment". Haihesabiki, haina wingi. Kamusi ya Cambridge imeiwekea alama ya U. Kifaa kimoja ni "a piece of equipment", vitatu "three pieces of equipment". Kitenzi kinabaki cha umoja, "the equipment is new", hata vikijaa kontena. "Many equipment" nayo hapana, sema "a lot of equipment". Sisi tuna kifaa na vifaa, ndiyo maana mkono unakimbilia s.

Bi Sarufi: "Furniture", "luggage", "advice", "information", zote njia hiyohiyo. Ila "tools" na "machines" ni sawa.

Mzawa: Andika "Vifaa vya Hospitali", kila mteja ataelewa. Tuipende lugha yetu.

Kamusi Hai: Mkuu, kesho kuna nini?

Mleta uzi: Fundi anamalizia bango. Limeandikwa MEDICAL EQUIPMENTS na rangi imeshakauka. Ila maduka mengi yameandika hivyo, wateja wanaelewa. Naona niliache tu.

Fundi Herufi: Usiliache. Sugua S kwa msasa laini, paka rangi ya chini mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Mstari utaegemea kushoto, kwa hiyo jaza pengo kwa msalaba mdogo wa kijani. Mwekundu usichore, nembo hiyo inalindwa kisheria.

Mdadisi: Uzi wa kutunga huu. Swali la sarufi limegeuka bango. Mwenye mtaji wa vifaa vya hospitali asajili jina bila kulihakiki?

Mleta uzi: Sijatunga, ndugu. Na BRELA, kwa wasajili wa majina ya biashara, nimelisajili hivyohivyo, na S yake. Ndiyo maana nasita.

Kamusi Hai: Hilo ungeanza nalo! Basi kesho fundi asiguse S. Bango, risiti na muhuri vifanane na cheti. Peleka kwanza BRELA taarifa ya kubadili jina, kisha leseni na TRA, watu wa kodi. Bango liwe la mwisho. Ila kwenye barua na ankara anza leo: "We supply medical equipment".

Mleta uzi: Na glavu na sindano?

Kamusi Hai: Hizo ni "supplies", na hapo s ni halali: vitu vya kutumika vikaisha. Mashine ya presha ni "equipment".