Mtoto wa siku 12 hushtuka kila nikimlaza

Assalamu alaikum, dada zangu. Mwanangu hulala fofofo mchana, lakini usiku kila nikimlaza hushtuka, akarusha mikono na kulia hadi adhana ya alfajiri. Nifanyeje?

— Mama Kifungua Mimba, Lamu

Waalaikumu salamu, mwanangu. Mtoto wa umri huo hajatofautisha usiku na mchana, na tumbo lake ni dogo, kwa hiyo kuamka kila baada ya saa 2 au 3 ili anyonye si ugonjwa. Mchana aone mwanga. Usiku punguza taa, umnyonyeshe kimya, kisha umlaze chali bila mto. Akiwa na homa au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja.

— Bibi wa Langoni

Naongeza habari ya joto letu la kaskazi. Wangu nilimfunika blanketi, kumbe shingo imelowa jasho. Nilipombakishia kanga moja kuukuu, nyepesi, iliyolegea miguuni, alitulia.

— Mama Pacha