Polisi wakishindwa kesi ya madai, fidia ilipwe na Hazina au na askari mwenyewe?

Mdau wa Nkuhungu: Wakuu, jirani yangu bodaboda alikamatwa, akalala mahabusu siku nne, kisha akaachiwa kimyakimya bila kufikishwa mahakamani. Sheria inasema saa 24. Pikipiki aliikuta uani kwenye kituo, betri haipo na saiti mira zimeng'olewa. Anataka kufungua kesi ya madai. Sawa, afungue, ila akishinda atalipwa na Hazina, yaani kodi yangu na yako, huku aliyemweka ndani anaendelea na zamu. Mimi nasema akatwe mshahara.

Mdau wa Area C: Konstebo utamkata nini? Mji wa Minneapolis, Marekani, mwaka 2021 ulikubali kuilipa familia ya George Floyd, yule aliyeuawa na askari akimkamata, dola milioni 27. Pesa ya mji hiyo. Wangeisubiri kwa askari wangeisubiri hadi leo.

Mdau wa Nkuhungu: Askari huyo alifungwa, mkuu. Wa kwetu anahamishwa kituo.

Mdau wa Uzunguni (wakili): Mnagawana fidia ambayo haijapatikana. Kituo hakishtakiwi. Unatoa kwanza notisi ya siku 90 kwa Serikali, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Zikiisha unafungua Mahakama Kuu, si ya wilaya, na tangu marekebisho ya 2020 usipomuunganisha Mwanasheria Mkuu, kesi inaanguka hata kama ushahidi wako ni wa chuma. Ukishinda, usidhani utatuma dalali wa mahakama akakamate difenda la polisi. Mali ya Serikali haikamatwi. Unapewa hati ya kudai malipo, unaipeleka, unasubiri. Bodaboda wangapi wana pumzi hiyo?

Mdau wa Mpwapwa: Na sisi wa huku tuongeze nauli ya kwenda mjini kila kesi inapoahirishwa.

Mke wa askari: Samahanini, mnaongea kama askari anajiamulia. Bosi akisema "mleteni huyo", konstebo ajibu nini? Amri ni ya mdomo, haiandikwi popote. Mkianza kukata mishahara, atakatwa mdogo. Na mwizi akipita mbele yake atageuka pembeni, maana naye ana watoto wanasoma.

Mdau wa Area C: Dada kasema kweli, ingawa betri sidhani kama iliondoka kwa amri ya bosi.

Mke wa askari: Hiyo ya betri siitetei.

Mdau wa Nkuhungu: Haya, nalegeza. Hazina imlipe aliyeumia, haraka, asizungushwe. Halafu Serikali yenyewe imgeukie aliyetoa amri, na amri ya kumweka mtu ndani iandikwe kwa jina na saini. Asiyesaini asitiiwe. Kama ameshastaafu, kuna kiinua mgongo.

Mdau wa Mpwapwa: Hapo kwenye kiinua mgongo utagombana na nusu ya Dodoma.