Mawakili wanawake, tupeane uzoefu: wewe na mwenzako wa kiume mnalipwa sawa?

Binti wa Korti

Wakuu, habari za jioni. Leo tuongee pesa. Sisi wanasheria hodari kudai ada za wateja, zetu wenyewe tunazionea aibu.

Niko ofisi ya mawakili ya ukubwa wa kati, Dar. Mwenzangu mmoja wa kiume tuliapishwa pamoja na tukaajiriwa mwaka mmoja. Juzi kati alikuwa anaandaa nyaraka za mkopo benki, akaniomba nimgongee muhuri nakala zake. Slipu ya mshahara ikawa mbele yangu. Mshahara wa msingi tuko sawa, hadi shilingi ya mwisho. Tofauti iko mstari wa chini: kamisheni ya wateja. Yake inakaribia kulingana na mshahara wenyewe. Kwenye slipu yangu mstari huo haupo kabisa.

Kwa wasiojua, utaratibu uko hivi. Anayeandikwa kuwa ndiye mwenye mteja anapata asilimia ya kila ada, hata kazi ikifanywa na mwingine. Benki inaletwa na mbia mkubwa (mmoja wa wamiliki wa ofisi), yeye anamkabidhi "kijana wake" amlee mteja, na jina la kijana linaingia kwenye jalada. Hati za rehani naandaa mimi, kwa Msajili wa Hati nakimbizana mimi. Kwangu moja kwa moja zinakuja mirathi, talaka na matunzo ya watoto. Machozi mengi, ada kiduchu, na mteja wa talaka hakuletei talaka nyingine mwakani.

Sheria tunaijua. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha malipo sawa kwa mwanamke na mwanamume kwa kazi yenye thamani sawa. Tunakibeba kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kuwatetea watu wa viwandani. Ofisini kwetu nani amewahi kukifungua?

Karibuni. Ofisi msizitaje majina.

Mama Pacha

Mimi yangu ni likizo ya uzazi. Nilipata siku 100 kwa kuwa walikuwa pacha (mtoto mmoja ni 84), na mshahara niliupata wote, hapo siwadhulumu. Niliporudi majalada yangu yalikuwa yameshagawiwa, na aliyeyapokea ameshatoa ankara. Kuyarudisha ikawa "tusimchanganye mteja."

Ikafika bonasi ya mwisho wa mwaka. Lengo la makusanyo ni la miezi kumi na miwili, hakuna aliyepunguza ile niliyokuwa nyumbani. Nikaambiwa sikufikisha. Kwa hiyo sheria ililinda mshahara, bonasi ikaliwa na utaratibu. Na zile saa mbili za kunyonyesha ambazo sheria inatoa, nilipozitumia bosi mmoja alinibatiza "wakili wa nusu siku" mbele ya makarani.

Nyundo ya Haki

Dada zangu, msinipige mawe. Hapo naona soko, ubaguzi siuoni. Mteja analetwa na anayemtafuta. Sisi tunakesha nao, Jumamosi tuko nao mpirani. Ninyi saa kumi na moja mko kwenye daladala. Mnataka kamisheni ya nini?

Kidawa wa Tanga

@Nyundo ya Haki, kaka, rudia kusoma. Mteja wa mleta mada aliletwa na mbia, huyo kijana hakukesha popote. Alikabidhiwa tu.

Halafu hiyo ya kukesha: nikionekana na mkurugenzi wa kampuni saa nne usiku Masaki, kesho ofisi nzima ina hadithi, na mume wangu ataipata kabla sijafika nyumbani. Wewe ukionekana naye unaitwa mchapakazi. Soko gani hilo lenye mlango wa watu wengine?

Wakili wa Nakuru

Majirani, hata huku Kenya ni hivyo, ila mimi niliumizwa siku ya kuajiriwa. Waliniuliza kule nilikotoka nilikuwa nalipwa ngapi, wakaongeza kidogo juu yake. Kule nilikuwa nimeanza chini ya wenzangu, kwa hiyo pengo nikalihamisha pamoja na joho langu. Mmoja kwenye jopo akauliza kama nimeolewa. Nikasema ndiyo. Akacheka, "basi kodi ya nyumba ni ya mzee."

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inasema malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, na ukilalamika mwajiri ndiye wa kuthibitisha kuwa hakubagua. Jaji Mkuu ni Martha Koome tangu 2021. Mwaka 2024 Faith Odhiambo alichaguliwa rais wa chama chetu cha mawakili. Najivunia wote wawili. Slipu yangu bado haijapata habari hizo.

Mtumishi wa Umma

Serikalini mshahara ni wa daraja, hauulizi jinsia. Angalia posho: nani anapangwa kusafiri na kesi za mikoani, nani anaingizwa kwenye kamati. "Tumekuonea huruma, una mtoto mdogo." Huruma ambayo hukuiomba inakukosesha posho.

Mzawa London

Hapa Uingereza tangu 2017 mwajiri mwenye watu 250 na kuendelea analazimika kutangaza pengo lake la malipo. Mwanzoni ofisi za mawakili ziliwaacha wabia nje ya hesabu, kwa kuwa hao ni wamiliki, si waajiriwa. Yaani zilipima pengo bila kuwagusa wanaolipwa zaidi. Mkianzisha kitu kama hicho huko, wabia wahesabiwe.

Bibi Jalada

Niko Mwanza. Sikwenda CMA, maana nilitaka kubaki kazini. Niliandika barua pepe kwa mbia nikiorodhesha majalada niliyoyafanya mimi ilhali kamisheni wakalipwa watu wengine. Sikutaja jinsia popote. Nikaomba kila jalada jipya liwe na majina mawili: aliyemleta mteja na anayemhudumia, kila mmoja na fungu lake. Walivutana muda mrefu, wakakubali.

Binti wa Korti

@Bibi Jalada, asilimia ngapi kwa kila mmoja? Na ipo kwenye mkataba au mdomoni?

Bibi Jalada

Kumi kwa aliyeleta, tano kwa anayehudumia. Mkataba haujaguswa, iko kwenye barua pepe ya mbia, nimeichapisha na kopi iko nyumbani. Majalada ya zamani walikataa, na bado tunagombania moja la kampuni ya samaki.